Barua ya Wazi kwa Waziri wa Fedha: Naomba Kibali cha Kuchoma Mafuta Kidogo

Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUPUNGUZA MATUMIZI YA PETROLI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, kwa heshima na taadhima naleta kwako ombi ambalo huenda halijawahi kufika mezani pako. Ninapima kama ninunue gari la haibridi, lile ambalo injini yake ya petroli inasaidiwa na mota ya umeme, injini ikazimika yenyewe gari likiwa limesimama kwenye foleni, na kila breki ikirudisha nguvu kidogo kwenye betri. Hakuna sheria inayonikataza. Lakini raia mwema hasubiri kukatazwa, na nimeona si ungwana kuipunguzia Hazina lita zake bila kubisha hodi. Maana katika nchi hii lita ya petroli ndiyo mlipakodi mwaminifu kuliko wote. Haina mhasibu wa kuchezea vitabu, haikati rufaa, haifungi duka afisa wa TRA akionekana mtaani, wala haisahau kutoa risiti. Inalipa palepale kwenye pampu, na asiye na gari anailipia kwenye nauli ya daladala na kwenye bei ya nyanya.

Uaminifu huo ndio uliotuzoesha kuikimbilia lita kila tunapopungukiwa. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa, wenye magari wakashangilia, kisha ikarudi kwa mlango wa sheli: Sh 40 juu ya kila lita ya petroli, ya dizeli na hata ya mafuta ya taa, ili bibi anayewasha kibatari kijijini naye achangie leseni ya gari asilokuwa nalo. Mwaka 2021 ikaja Sh 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Mwaka 2023 ikaja Sh 100 nyingine kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Nyongeza hizo tatu peke yake zinafika Sh 240 kwa lita, bila kuhesabu ushuru na tozo zilizozitangulia. Na Agosti 2022, petroli ilipofika Sh 3,410 Dar es Salaam, Serikali ilikuwa imeshaanza kutoa ruzuku ya Sh bilioni 100 kwa mwezi ili bei isipande zaidi. Yaani mkono mmoja ulikuwa unachukua kwenye lita na mwingine unarudisha kwenye lita ileile. Mwananchi anayetaka kupunguza lita anazonunua hahitaji kuchukuliwa wala kurudishiwa, na nadhani hapo ndipo anapoanza kutiliwa shaka.

Naomba sasa niweke hesabu zangu wazi, nisije nikaambiwa naficha mapato. Tuchukue petroli kwa Sh 3,000 kwa lita, bei ya mfano tu, kwa sababu ya kweli EWURA huitangaza upya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Tuchukue Toyota IST ya injini ya kawaida inayokwenda kilomita 12 kwa lita mjini, na Aqua ya haibridi inayokwenda kilomita 20. Toyota ilipoitoa Aqua mwishoni mwa mwaka 2011 ilitaja kilomita 35.4 kwa lita, lakini hicho kilikuwa kipimo cha Japani, na mashine iliyopima haikuwahi kusimamishwa na trafiki pale Mwenge; nimekipunguza makusudi. Anayeendesha kilomita 1,000 kwa mwezi atatumia Sh 250,000 kwa IST na Sh 150,000 kwa Aqua. Ataokoa Sh 100,000. Dereva wa teksi mtandao anayezunguka kilomita 3,000 ataokoa Sh 300,000. Tukisema Aqua imezidi IST kwa Sh milioni 5 hadi ipate namba, dereva wa teksi atarudisha tofauti hiyo kwa miezi 17, na mwenye gari la kwendea kazini kwa miezi 50. Kwa hiyo haibridi haimfai kila mtu. Inamfaa anayetembea sana, tena mjini, kati ya Mbagala na Kariakoo au Tegeta na Posta, kwa kuwa foleni inayomwumiza mwenye injini ya kawaida ndiyo inayoipa mota ya umeme nafasi ya kufanya kazi. Kwenye barabara ndefu ya kwenda Dodoma, ambako gari halisimami ovyo, faida hiyo inapungua sana.

Kufikia hapo uamuzi ungekuwa wangu na kalamu yangu. Lakini kabla gari halijafika kwenye foleni linapita bandarini, na bandarini hakuna anayeuliza linakula mafuta kiasi gani. Maswali ni mawili tu: injini ina ukubwa gani, na gari limezaliwa mwaka gani. Injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 1,000 hadi 2,000 inalipa ushuru wa bidhaa asilimia 5, na inayozidi 2,000 inalipa asilimia 10. Kisha unakuja ule tunaouita ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi, na asilimia 30 kwa lililozidi miaka kumi. Chukua gari lenye thamani ya Sh milioni 10 likifika bandarini. Ongeza ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa, halafu VAT asilimia 18 juu ya vyote. Likiwa changa litasimama kwenye Sh milioni 15.5 hivi. Likiwa limevuka miaka kumi litafika karibu Sh milioni 19.9, achilia mbali tozo ndogondogo. Tofauti ni Sh milioni 4.4. Yule wa kilomita 1,000 kwa mwezi atahitaji miezi 44 ya kuokoa mafuta ili kulipia kosa moja tu, la gari lake kuzaliwa mapema.

Tumekuwa tukielezwa kwamba ushuru wa uchakavu unalinda mazingira, na mimi mazingira nayapenda. Ndiyo maana nashangaa kwamba Aqua ya mwaka 2012, inayozima injini kwenye taa nyekundu, inabeba asilimia 35 ya ushuru wa bidhaa ukijumlisha viwango vyote viwili, wakati shangingi la V8 la miaka mitatu, linalonguruma nje ya ukumbi wa semina ili kiyoyozi kisikatike dereva akiwa usingizini, linabeba asilimia 10. Najua jibu lipo: shangingi lina thamani kubwa, hivyo asilimia 10 yake ni fedha nyingi kuliko asilimia 35 ya Aqua. Nakubali, na kama lengo ni fedha tu, hesabu imekamilika na tuache kuyataja mazingira. Lakini kama lengo ni hewa, basi kiwango kinapaswa kufuata moshi, na moshi unafuata mafuta yanayochomwa. Gari kuukuu lisilotunzwa linachafua, hilo halina ubishi. Dawa yake ni kulipima kila mwaka bomba linatoa nini. Cheti cha kuzaliwa hakipimi moshi.

Wapo watakaokushauri, Mheshimiwa, kwamba ombi langu lisishughulikiwe kwa sababu haibridi kuukuu ni mtego: betri itakufa, fundi hatapatikana, na mwananchi atalia. Hoja hiyo ina ukweli, nami siipuuzi. Betri kubwa inachoka kwa miaka na kwa joto. Kwenye Aqua imekaa chini ya kiti cha nyuma, inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, na kwa vumbi la barabara zetu njia hiyo ya hewa ikiachwa bila kusafishwa inaziba na betri inachemka. Basi tuongeze kwenye hesabu akiba ya Sh milioni 3 kwa ajili ya betri. Dereva wa teksi sasa atahitaji miezi 27 badala ya 17, na bado anabaki na faida. Wa kilomita 1,000 atahitaji miezi 80, na kwake jibu ni hapana. Lakini tazama sera inavyoingia katika hofu hiyohiyo. Mwenye fedha nyingi ananunua haibridi changa yenye betri yenye nguvu na anakwepa uchakavu wote. Dereva wa teksi, ambaye ndiye hasa angenufaika, mfuko unamlazimisha kuchukua kuukuu, na ushuru unakula fedha ambayo angeiweka akiba kwa ajili ya betri. Mtego ni wa gari, ila chambo kimewekwa bandarini.

Hoja nzito zaidi ni ya barabara. Lita ndizo zinazolisha Mfuko wa Barabara. Tukizipunguza, nani atafukia mashimo? Teksi moja inayoacha kununua lita 100 kwa mwezi inainyima Serikali Sh 24,000 kwa zile nyongeza tatu peke yake, na lami haijui kama gurudumu lililopita juu yake ni la haibridi. Hapa, Mheshimiwa, nakuunga mkono bila kejeli. Anayetumia barabara ailipie. Lakini lita ilikuwa kipimo kizuri cha matumizi ya barabara pale magari yote yalipokuwa yanakunywa sawa, na siku hizo zinakwisha. Tuliona dalili Juni 2024, pale wananchi walipoitikia wito wa kufunga mitungi ya gesi asilia, nalo pendekezo la ushuru wa Sh 382 kwa kilo ya gesi ya magari likapelekwa bungeni. Kila njia ya kuokoa ikigunduliwa, tozo inaifuata kwa nyuma ikihema. Badala ya kukimbizana hivyo, irudisheni ada ya mwaka ya barabara, ipimwe kwa uzito wa gari na kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi wakati wa ukaguzi, na Sh 40 ya mwaka 2017 iondoke kwenye lita, ikianza na lita ya mafuta ya taa. Mwenye haibridi atalipa barabara sawasawa na jirani yake, mwenye lori atalipa kwa tani zake, na bibi wa kibatari ataachwa alale.

Tena Serikali haitakuwa inatoa sadaka. Nchi hii haina kiwanda cha kusafisha mafuta kinachofanya kazi. Kila lita inayochomwa Ubungo imenunuliwa nje kwa dola, dola zilezile zilizoadimika benki mwaka 2023 hadi waagizaji wakapanga foleni. Lita ambayo haikuchomwa inaikosesha Hazina shilingi, lakini inaiachia Benki Kuu dola. Mtu anayehesabu shilingi zilizokosekana bila kuhesabu dola zilizobaki anasoma upande mmoja wa daftari.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ikiwa kibali changu kitachelewa kwa sababu ya michakato, naomba angalau mambo matatu yaingie katika bajeti ijayo. Kwanza, ushuru wa bidhaa wa magari ufuate mafuta yanayotumika kwa kilomita, na ukubwa wa injini uachwe. Pili, haibridi iliyopimwa na kukutwa na betri nzima na moshi safi ipunguziwe uchakavu, hasa ile inayosajiliwa kwa biashara ya teksi. Tatu, magari ya Serikali yanayozunguka mjini yaanze kununuliwa ya haibridi, ili mafundi wapate kazi ya kujifunzia na spea zipate soko, badala ya mwananchi kufanyiwa majaribio peke yake.

Na kwa msomaji mwenzangu anayesubiri jibu la Waziri akiwa kwenye foleni: kama unaendesha kilomita 2,000 au zaidi kwa mwezi ndani ya mji, na una akiba ya betri, nunua. Kama gari lako linatoka Jumapili na siku za harusi, baki nalo na uzibe pancha. Ila usifanye uamuzi kwenye yadi kabla hujafungua kikokotoo cha TRA, kwa kuwa kwa sheria tulizonazo, bei ya haibridi inaamuliwa zaidi na mwaka wake wa kutengenezwa kuliko na mafuta inayookoa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mlipakodi wa kwenye pampu,
Dar es Salaam.