Pengo la Saa Sita

Waungwana wa Jaws Corner, wekeni vikombe chini. Na wewe muuza kahawa, acha kugonganisha vikombe vyako mpaka nitakapotua.

Mimi, Profesa wa Anga na Vitongoji Vyake (cheo nilijipa mwenyewe baada ya kuona wahusika wanachelewa), nimekuja kuwafunulia waliyoyaficha marubani: umbali na muda halisi baina ya uwanja wa Julius Nyerere kule Dar es Salaam na huu wenu wa Abeid Amani Karume, hapo Kiembe Samaki.

Nilianza na atlasi ya mjukuu wangu na uzi wa kushonea. Kipimo cha kwanza kilitoa karibu kilomita 190, lakini uzi ulikuwa umenikimbilia Pemba. Cha pili kikatoa 73. Viwanja vyote viwili vimekaa kwenye longitudo ya nyuzi 39 na ushei, kwa hiyo ndege ikiinuka Dar haina la kufikiri. Inashika kaskazini tu. Marubani husema maili 39. Hizo ni maili za baharini, kila moja kilomita 1.852, na sababu yake iko wazi: chini ni maji. Anayeruka kwenda Dodoma atajijua mwenyewe.

Sasa muda. Ndege ndogo ya Cessna Caravan, yenye propela moja puani, hukata kama kilomita 300 kwa saa. Gawanya: dakika 15 kasoro. Ongeza kupaa na kutua, unapata zile dakika 20 zinazotajwa. Boti huchukua saa mbili hivi, na humo abiria hugawiwa mifuko ambayo sitaieleza mbele ya kahawa.

Hesabu tamu, sivyo? Basi sikilizeni jaribio langu la jana.

Tiketi iliandikwa 07:10. Mimi, mtu makini, nilifika saa sita na nusu, jua la utosi, nikiwa na dakika 40 za akiba. Kijana wa kaunta akaitazama tiketi, akanitazama mimi, akamwita mwenzake naye aje kunitazama. “Mzee, ndege yako ilishaondoka asubuhi.” Nikaongeza nauli. Nikapandishwa mizani mimi na begi langu kama gunia la karafuu, nikakalishwa mbele bega kwa bega na rubani. Nikamwelekeza: “Kaskazini, mwanangu.” Akakubali kwa kuvaa vile vifuniko vya masikio.

Tukatua saa nane kasoro dakika kumi mchana. Kwa hesabu yao wenyewe, basi, safari ilianza asubuhi na kunichukua saa 6 na dakika 40. Ni mwendo wa kilomita 11 kwa saa. Punda wa gari la mchanga angenipungia mkono. Toa dakika 20 za angani na nyingine 20 nilizosubiri. Zinabaki saa sita kamili, bila upungufu, na hakuna wa kunieleza zimekwenda wapi. Nimeziita Pengo la Saa Sita. Nashuku upepo wa kaskazi.

Tafadhali, bwana mdogo pale nyuma, kucheka si hoja.

Utafiti unaendelea keshokutwa nikirudi Dar. Tiketi nimeshaikata: 16:00. Tangu alfajiri naizungusha saa yangu ya mkono nikiitafuta saa ya kumi na sita. Mwenye saa kubwa kuliko hii aniazime.