Mwaka wa Kujinoa

Mark Zuckerberg aliutangaza 2023 kuwa mwaka wa ufanisi. Baba wa watu alikuwa na haki: mwaka 2021 aliipa kampuni ya Facebook jina jipya, Meta, akamwaga mabilioni ya dola kwenye dunia ya kufikirika ya kidijitali ambayo wakazi wake, vikaragosi vya watumiaji, walielea hewani, kiwiliwili bila miguu.

Ufanisi ukaanza na vibarua vya watu. Novemba 2022 walishapunguzwa 11,000; Machi ikatangazwa kwamba wengine 10,000 wanafuata.

Bosi naye akajinoa. Mei alishindana jiu-jitsu, akarudi na medali shingoni. Novemba kano ya goti ikakatika mazoezini, akaishia kwa madaktari wa upasuaji.

Yaani mwaka uleule vikaragosi vyake vilipoanza kuota miguu, wa kwake ukalazwa kitandani.