Tatu ni Nne

Ugomvi niliuanzisha mwenyewe, tena kabla gari halijatoka stendi ya Handeni. Kosta ilikuwa inasubiri abiria wawili ili ijae. Ilishajaa kitambo, ila konda ana hesabu zake. Joto likanichosha, nikamgeukia mama aliyepakata kuku pembeni yangu.

"Shikamoo bi mkubwa. Tatu ni nne, na nne ni tatu. Kivipi?"

"Marahaba. Umekula lakini, mwanangu?"

Nikamfafanulia. Andika tatu, uhesabu herufi: nne. Andika nne: tatu. Mbili ina tano, tano ina nne, na ukishaingia kwenye nne na tatu hutoki tena, unazunguka mpaka kiyama. Na zilizobaki mpaka kumi? Zote herufi nne nne.

"Uongo!" akadakia kijana wa Korogwe kutoka siti ya nyuma. "Machungwa hayawi tatu, yanakuwa matatu. Matatu ni herufi sita!"

"Haya, na hiyo sita ivishe ma- tuone," akajibu mzee mmoja wa Handeni. Haivishiki. Sita, saba na tisa zina asili ya Kiarabu, na mpaka leo hazijakubali kuvaa kiambishi cha mtu.

Basi kilomita 65 za lami zikawa Handeni dhidi ya Korogwe. Kijana akajitapa kwa reli na mto Pangani. Mzee akamwambia reli haiandikwi kwenye jina, ahesabu herufi. Handeni, saba. Korogwe, saba. Wakarudia kwa vidole, kila mmoja akimshuku mwenzake kaficha kimoja.

Ndipo mwalimu mstaafu, aliyekuwa kimya mbele, akakohoa. Herufi ni mambo ya karatasi, akasema; mdomo unatamka silabi. Mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne, mpaka ku-mi: zote silabi mbili. Kwa hiyo namba isemayo kweli juu ya nafsi yake ni moja tu, nayo ni mbili. Kijana akabisha kwamba nne ni pumzi moja. Mwalimu akatutamkisha gari zima, "N! Ne! N! Ne!", mpaka dereva akapunguza mwendo akidhani kuna mtu kakabwa. Kuku peke yake ndiye aliyepatia mara ya kwanza.

Tulipofika Manundu, pale Korogwe, nikashuka. Konda alikuwa na chenji yangu, elfu nne. Akanihesabia noti tatu za elfu moja.

"Bado moja, kaka."

"Tatu ni nne. Si umesema mwenyewe?"

Gari zima likaangua kicheko, bi mkubwa na kuku wake wakiongoza. Nikamkimbilia mwalimu dirishani nikamwomba atoe hukumu. Akavua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya shati.

"Kwa herufi, konda ana haki. Lakini mimi msimamo wangu unajulikana: silabi."

Konda akachomoa noti moja mkononi mwangu, akagonga bati mara mbili, gari likaondoka.