Muulize Shangazi Mabati

Shangazi, paa langu huku Kamuhoza, Kimisagara, limetoboka mpaka usiku natazama nyota nikiwa kitandani. Fundi ananishauri tubadilishe mabati Jumamosi ya mwisho wa mwezi, gitifu (katibu mtendaji) akiwa kwenye umuganda, kazi ya jamii, ili asisikie nyundo. Kibali cha nini, na nyumba ni yangu? — Mtazama Nyota

Mtazama Nyota, fundi wako amesahau kwamba Kimisagara ni mlima. Kila mlango unachungulia paa la mwenzake, na bati jipya likipigwa na jua linaonekana hata ng'ambo ya bonde la Nyabugogo. Kulificha ni sawa na kuficha mimba ya miezi tisa. Tena siku ya umuganda mtaa mzima uko nje na majembe, unatafuta cha kutazama.

Kanuni za ujenzi za Rwanda zinatenganisha ukarabati usiogusa muundo wa jengo na ule unaougusa. Beba namba ya kiwanja chako, ile UPI ambayo kwetu wilayani Nyarugenge huanza na 1/01, nenda ofisi ya umurenge (sekta) useme maneno machache: bati kuukuu linatoka, jipya linaingia, kuta hazisogei. Watakuambia unahitaji nini. Kisha nyamaza. Wapo walioanza na bati, wakanogewa na mazungumzo, wakamweleza ofisa habari za chumba cha shemeji na duka la mbele. Ofisa akaweka kalamu chini. Na kama umeshaambiwa nyumba yako iko kwenye manegeka, yaani eneo hatarishi, usinunue hata msumari; hapo utazungumzia kuhama.

Shangazi, nikiongeza kozi tatu za tofali kabla ya kuezeka, huo si ukarabati wa kawaida? — Kidogo Tu

Sio. Fundi anayekuambia vinginevyo analipwa kwa kila tofali.

Shangazi, baba ametuachia nyumba yenye mabati ya fibrosimenti. Nataka kuyashusha mabati hayo mwenyewe, niyavunje, nijengee banda la kuku. — Mrithi

Mrithi, kuku wamekukosea nini? Hiyo ni asbesto. Tangu 2009 serikali imeamua iondolewe kwenye mapaa ya nchi nzima, kwa sababu vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na saratani yake huweza kujitokeza baada ya miaka 30. Hatari huwa kubwa zaidi pale unapoivunja. Hushushwa na watu waliofunzwa, wamefunika pua na mdomo, mabati yamelowanishwa, kisha hufungwa vizuri na kuzikwa mahali palipotengwa. Uliza umurenge kabla hujaweka ngazi, na watoto wasikaribie.

Shangazi, jirani wa juu yangu ana kibali chenye muhuri na paa zuri. Ila maji yake yote yanashukia sebuleni kwangu. Nikilalamika, ananionyesha karatasi. — Wa Chini, karibu na ruhurura (mtaro mkubwa) ya Mpazi

Wa Chini, kibali kilimpa paa, hakikumpa sebule yako. Mfanyie hesabu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 40 za mraba, kwa mvua ya itumba (masika) ya milimita 30, linakumwagia lita 1,200 alasiri moja. Bati la zamani lenye matundu angalau lilimbakizia kidogo mwenye nyumba. Hili jipya halimbakizii hata tone.

Anachohitaji ni mifereji ukingoni mwa paa, tangi, na njia ya kupeleka ziada kwenye mtaro. Jiji la Kigali limekuwa likihimiza kila nyumba ikinge maji yake, na tangi likijaa atafulia bure, kwa hiyo si adhabu. Akikaidi, mwite mkuu wa mudugudu (kijiji). Ikishindikana, wapo abunzi, wapatanishi wa akagari (seli), wanaosuluhisha bila gharama ya wakili.

Lakini kabla ya hayo yote, mwalike chai. Chagua siku yenye mawingu mazito, mkalishe pale maji yanapoingilia, umwombe aje na mabuti.