Mtaa Umetulia, Bosi

Dalali wa nyumba hapa Segese, huku Msalala, atakuapia kuwa mtaa umetulia. Hadanganyi. Karasha linasaga mawe usiku kucha. Likizima tu, mtoto anashtuka analia.

Historia? Jirani hapo Bulyanhulu, wachimbaji wadogo wa dhahabu walitimuliwa mwaka 1996, mgodi mkubwa ukafunguliwa 2001. Mwaka 2017 nchi nzima ikajifunza neno “makinikia”, yaani mchanga wenye dhahabu. Sisi tukabaki na viroba vya mawe barazani, na zebaki uani, ikichomwa kwenye jiko lilelile la maharage. Ukiuliza, unaambiwa: “Moshi unapanda juu, mzee.” Sawa, na maharage yako chini.

Kodi ni ya miezi sita, mkupuo mmoja. Ikisikika rashi ya dhahabu kwingine, hata huyo dalali humkuti.