Bosi Kamili

Wanaowahimiza vijana wajiajiri wasikilizwe, maana wamelitafakari jambo hilo kwa utulivu unaoletwa na mshahara wa kila mwezi. Mwenye genge ni bosi kamili: haombi ruhusa kwa mtu, isipokuwa halmashauri kwa leseni, mamlaka ya mapato (TRA) kwa makadirio ya kodi na mgambo kwa pa kusimama. Likizo hujipangia mwenyewe, kwa kawaida akiugua. Watalalamika wengine kwamba kitambulisho cha mmachinga cha Sh20,000, kilichoanza Desemba 2018, hakikuwazuia wamachinga kuondolewa barabarani mwaka 2021. Hoja dhaifu: kilikusudiwa kuwatambulisha, na waliondolewa wakitambulika vizuri kabisa. Mtaji nao si tatizo. Benki inataka hati ya nyumba tu, na muuza karanga bila shaka anazo mbili.