Jino Moja

Ndani ya difu ya Land Cruiser letu, aina ile ambayo watu huiita mkonga, kulikuwa na gia mbili zinazosukumana: kubwa ya meno 37 na ndogo ya meno 9. Gawanya, unapata 4.11, yaani propela shafti izunguke mara nne na kidogo ndipo tairi imalize mzunguko mmoja. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu na mbia wangu katika biashara ya asali, alitaka ile ndogo iwe na meno 10. Hapo hesabu inakuwa 3.7. Kwa ajili ya jino hilo moja tumelipa faini, tumelala porini na tumenuniana harusini kwa watu.

Chanzo ni tabo. Injini yetu ni 1HZ, dizeli ya silinda 6 na lita 4.2, na Toyota waliitengeneza ijivutie hewa yenyewe. Shemeji aliona pumzi hizo hazitoshi, akaagiza tabo kutoka Dar es Salaam. Ilikuja na basi, imeviringishwa kwenye kanga kama mtoto mchanga, na tangu ilipofungwa hakuna mluzi unaopigwa Tabora ambao shemeji hajaugeukia. Hoja yake ilikuwa kwamba injini iliyoongezewa nguvu haina sababu ya kupiga kelele: itafutiwe difu ndefu, izunguke polepole huku gari linakimbia.

Kwenye lami siwezi kumpinga. Njia ya Itigi kwa Nyahua na Chaya siku hizi ni lami, na mkonga wenye difu ndefu huko unateleza tu. Hapo ni upande wa Mgunda Mkali, pori lililowatia hofu watu wa misafara ya kutoka Bagamoyo. Wapagazi wa Kinyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila 2, kama kilo 32, hawakulivuka kwa mwendo wa kila siku. Waliondoka alasiri na maji yao, wakalala pakavu, wakadamka kuwahi kisima cha mbele. Mtu aliyebeba mzigo kwa miguu yake mwenyewe habishani na njia.

Asali, bahati mbaya, haikai kwenye lami. Iko huko ndani Sikonge, kwenye miombo, na njia yake ni mchanga.

Fundi alipata difu moja tu, ya nyuma. "Ya mbele inakuja wiki ijayo, bosi," alisema, na shemeji akaona wiki ni nyingi. Basi tukaingia mchangani nyuma tuna 3.7, mbele tuna 4.11. Ukiunganisha magurudumu manne, ya nyuma yanataka kwenda mita kumi wakati ya mbele yanataka tisa, na nguvu zote mbili zinatoka kwenye giaboksi ileile. Mchanga ulivumilia ugomvi huo kwa kuwa tairi zilipata nafasi ya kuteleza. Tulipofika kwenye udongo mgumu kitu kililia chini ya miguu yetu kama chuma kinachong'olewa, gari likasimama, nasi tukala asali na mihogo mpaka asubuhi. Nyuki nao walikuja kuangalia.

Kurudi mjini tukakutana na tochi. Spidomita ya gari hili husoma mzunguko kabla haujafika kwenye difu, kwa hiyo haikuwa na habari za jino jipya. Yenyewe ilisema 50 kamili, tochi ikasema 55. Shemeji akashuka na kalamu.

"Afande, tatizo ni jino."

"Pole sana. Hospitali ni mbele, ukimaliza kulipa."

Shilingi 30,000. Shemeji aliandika hesabu yote nyuma ya risiti, 37 kwa 9, 37 kwa 10, akampa afande aisome akipata nafasi.

Difu ya mbele ikafika, gari likapatana na nafsi yake, na hapo ndipo tabo ikalala. Mwendo uleule ambao zamani injini ilizunguka mara 1,900 kwa dakika, sasa inazunguka 1,710, na tabo yetu haifumbui macho kabla ya 1,800. Gia ya pili injini inalia kwa uchungu. Tia ya tatu, mizunguko inaporomoka, mluzi unakatika, mchanga unatushika miguu. Tulipitwa na kijana wa baiskeli mwenye magunia mawili ya mkaa. Akatusalimia kwa heshima zote, "Mwangaluka", akaendelea na safari.

Ungedhani shemeji angerudisha meno 9. Anataka matairi makubwa zaidi, ambayo kwa gia ni sawa na kuirefusha difu kwa mara ya pili. Nilipomweleza alisema ninaongea kama trafiki.

Mzee jirani yetu, ambaye baba yake aliendesha garimoshi la mvuke kwenye reli iliyofika hapa 1912 na Kigoma 1914, alisikiliza kesi nzima akitafuna karanga.

"Baba alikwenda Kigoma na kurudi miaka yote," alisema, "na lile dude halikuwa na giaboksi. Mvuke unasukuma chuma, chuma kinasukuma gurudumu. Basi."

Shemeji alinyamaza, akatazama upande wa stesheni.

"Mzee," akauliza, "tabo wangeifunga wapi?"